Jinsi Nilivyopandisha Shule Mbili

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Leo mkurugenzi ametukusanya walimu wote katika chumba cha walimu, kisha akafunga mlango kwa ufunguo. Dalili mbaya. Bwana Mutahi hufunga mlango kwa mambo mawili tu: maombi na wastani. Leo hakukuwa na maombi.

Wastani wa Kidato cha Tatu ni 5.2. Muhula wa kwanza ulikuwa 5.2. Muhula wa pili ukawa 5.2. Hesabu yenyewe si ngumu: kila mwanafunzi ana pointi zake, kati ya moja na kumi na mbili, unajumlisha zote, unagawanya kwa idadi ya vichwa, basi. Anayejumlisha ni mimi. Mimi Yasin, mkuu wa masomo wa Shule ya Upili ya Zamaradi, Nyeri mjini. Mwalimu wa Kiswahili. Mume wa Rukaya, baba wa Aaliya. Na karibuni, Inshallah, naibu wa mwalimu mkuu!

Maana kiti cha naibu kiko wazi. Wanaokitolea macho ni wawili, mimi na Wendy wa Kemia. Bwana Mutahi ametamka mbele ya mashahidi: mtihani wa pamoja wa shule za kanda uko mwezi huu. Wastani ukifika 5.5, kiti ni cha mkuu wa masomo. Usipofika, ni cha Wendy. Bango la langoni limeshachapishwa: ZAMARADI YAPANDA TENA. Ameacha nafasi ya tarakimu peke yake.

Wendy aliinua mkono. Akauliza shule inapopanda, ni watoto wamejua zaidi au ni kitu kingine. Kila mtu akamtazama kana kwamba ametukana mgeni. Lakini swali limenikaa kichwani, sitaki kudanganya. Shule hii imepanda, ile imepanda, mabango yamejaa barabara nzima kutoka hapa hadi Karatina. Ikiwa sote tunapanda, mbona Kidato cha Tatu bado wananiandikia barua ya kuomba kazi inayoanza kwa "Mpenzi msikilizaji"?

Nitalichunguza jambo hili. Nikishapata kiti.

Jumatano, 3 Septemba 2025

Mpango wa kwanza! Mtandaoni kuna mtu anajiita Mtabiri. Anauza makisio ya mtihani wa pamoja. Makisio ni mtihani wenyewe kabla haujafika. Nimejiambia huu si wizi, ni utafiti.

Wakati wa chai nikajifungia katika chumba cha ramani. Nikalipa. Karatasi ikaingia kwenye simu: Kiswahili, Karatasi ya Pili. Ufahamu ulihusu mzee wa Kianyaga aliyepotelewa na mbuzi. Hadithi tamu. Lugha safi. Aya ya pili nikaanza kuhisi kwamba mbuzi huyu namfahamu. Aya ya tatu nikamjua kabisa. Ni wangu! Mtihani huo niliutunga mwenyewe mwaka wa 2022, kwa Kidato cha Pili, hapa hapa Zamaradi.

Nimeuziwa karatasi yangu. Nikamwandikia Mtabiri maneno makali. Akanijibu nisiwe na wasiwasi, aliyetunga mtihani huo ni mtaalamu wa hali ya juu. Kwa kweli nilifarijika kidogo.

Ijumaa, 5 Septemba 2025

Nimerudi kutoka msikitini na akili iliyotulia. Nikakaa na orodha ya Kidato cha Tatu. Vijana thelathini, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Nilikuwa nimeweka rula juu ya karatasi bila kuwaza lolote, ikawafunika sita wa chini. Nikatazama kilichobaki.

Thelathini wana jumla ya pointi 156. Hiyo ndiyo 5.2 yetu. Sita wa chini wana pointi nne nne, yaani D+ kila mmoja, jumla ishirini na nne. Waondoe. Zinabaki pointi 132 kwa watu ishirini na wanne. Nikagawanya. 5.5! Nikarudia. 5.5! Mara ya tatu nikatumia simu, maana nilikuwa sijiamini tena. 5.5 kamili, wala sijamfundisha mtu hata silabi moja.

Sasa sita hawa wanahitaji shule. Na shule ipo! Inaitwa Mibuni, kule karibu na Gakindu, imezungukwa na kahawa pande zote. Kidato cha Tatu chao kina watu ishirini na wanne na wastani wa 3.0. Mkuu wao wa masomo ni Ireri, niliyesoma naye chuo cha ualimu. Alikuwa akinakili daftari zangu pamoja na makosa yangu. Nikampigia simu. Nikamwambia nina vijana sita wanaohitaji utulivu wa mashambani.

Hakuuliza hata swali moja. "Niletee hata kumi, bwana," akasema. Masikini Ireri! Namtupia mzigo naye ananishukuru.

Jumamosi, 6 Septemba 2025

Siku ya wazazi. Watano walikubali kabla sijamaliza kusalimu. Mibuni ni shule ya karo ndogo.

Wa sita alinitoa jasho. Ni Kinya, mama yake Kathambi, mtu wa Chuka anayeuza ndizi sokoni hapa Nyeri. Nilimkuta kwenye meza yake nikamweleza kuhusu hewa ya Gakindu na jinsi inavyofungua kichwa. Akasikiliza mpaka mwisho. "Mwalimu, ati Gakindu iko na hewa ya kusoma? Sasa hii yetu ya Nyeri iko na nini?"

Nikasema moshi wa magari.

Akauliza kama huko Kathambi atapata C. Msichana anataka unesi. Chuo kinataka C, na C nyingine ya lugha. Kathambi ana D ya Kiswahili. Kinya akanitazama machoni, akauliza ni nani amekuwa akimfundisha hicho Kiswahili tangu kidato cha kwanza. Nikamwambia hilo ni swali zuri sana. Nikaanza kukagua ndizi.

Kathambi mwenyewe alikuwa pale akipanga mikungu. Msichana mtulivu, mwandiko mzuri, sentensi hazina mwisho. Alisema jambo moja tu: kwamba tangu Mei nimekuwa nikiahidi somo la kuandika insha, basi alitaka kujua kama Mibuni kuna mwalimu wa kulifundisha. Nikamwambia bila shaka yupo! Sikuwa nimeuliza.

Jumanne, 9 Septemba 2025

Sita wamehama. Masanduku sita, magodoro sita, gari la shule. Nimewasindikiza mwenyewe, kwa heshima.

Jambo la kushangaza. Pale langoni Ireri alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Kidato cha Tatu kizima kilikuwa kimepangwa kikiimba wimbo wa kukaribisha wageni. Wageni gani? Sijawahi kuona D+ ikiimbiwa.

Niliporudi, Wendy alinisimamisha ukumbini. Amekuwa akikaa na wawili kati ya hao sita kila chakula cha mchana, akiwarudishia Kemia polepole, na anasema walikuwa wanaanza kuelewa. Nikamwambia sasa atakula kwa raha. Hakucheka. Wivu, bila shaka.

Alhamisi, 25 Septemba 2025

MATOKEO! Zamaradi: 5.5!

Bwana Mutahi alipanda ngazi mwenyewe kubandika tarakimu kwenye bango. Mpishi alipiga vigelegele. Mimi nilisimama kando na uso wa unyenyekevu niliokuwa nimeufanyia mazoezi mbele ya kioo.

Kisha nikafungua ukurasa wa pili wa matokeo, nione Ireri alivyozama. Na huu ndio msiba. Mibuni: 3.2. Kutoka 3.0! Wamepanda!

Haiwezekani. Nimewapa mzigo wangu, nao wamepaa? Nimesoma ukurasa ule mpaka ukalainika. Mimi nikitoa walio dhaifu, napanda, hilo ni halali. Yeye akipokea walio dhaifu, lazima ashuke. Kama hajashuka, ameiba mtihani. Hakuna njia ya tatu. Wizi ni jambo baya sana kwa elimu ya nchi hii.

Kesho naenda Gakindu.

Ijumaa, 26 Septemba 2025

Nimefika Mibuni kwa kisingizio cha kuwajulia hali wanafunzi wangu wa zamani. Ireri akanipa chai na kunifungulia kabati zote hata kabla sijaomba. Nikapekua. Nikalinganisha miandiko. Nikainusa bahasha moja. Wakati wote huo yeye alitazama dirishani akipuliza chai yake. Karatasi zote safi. Nimeudhika sana.

Uwanjani nikamkuta Kathambi. Kavaa beji ya kiranja! Hapa amekuwa wa tatu darasani. Zamaradi alikuwa wa ishirini na saba. Mama yake alikuja juzi na mkungu mzima wa ndizi, akauacha kwa Ireri upewe "mwalimu wa maana, yule wa Nyeri". Ndiye mimi. Nilivimba kichwa, nakiri.

Kathambi akanisindikiza hadi langoni akiwa amenibebea huo mkungu. Njiani akaniambia, "Mwalimu, sasa niko namba tatu. Lakini Kiswahili bado ni D. Hii namba tatu inaweza kuniingiza unesi?"

Nikamuuliza mwalimu wake wa Kiswahili anasemaje. Akasema hawana. Aliondoka Mei.

Niliona aibu. Naandika hivyo kwa sababu hakuna atakayesoma hapa. Nilitaka kumwambia kitu cha maana, nikaishia kumwambia beji imempendeza. Akasema asante. Nimebeba ndizi hadi Nyeri na zilikuwa nzito.

Jumamosi, 27 Septemba 2025

Rukaya hakutaka kusikia habari za Ireri. Leo ni siku ya soko Karatina na msaidizi wake anaumwa. Akanikabidhi aproni.

Mke wangu huuza nyanya kwa mafungu mawili. Fungu la nyanya kubwa mbele, fungu la nyanya ndogo kando. Saa nne hivi akaona wateja wanapita tu. Akaniambia, "Baba Aaliya, toa hizo ndogo kwa fungu kubwa, weka kwa hili lingine."

Nikamwambia ataliharibu lile lingine kwa kulirundikia takataka. Akanitazama kama anavyonitazama nikishika nyundo. "Hapa ndio ziko ndogo. Pale zitakuwa ndio kubwa."

Nikahamisha. Kama nyanya kumi hivi. Nikarudi nyuma kidogo nitazame. Fungu la kwanza lilipendeza kuliko mwanzo. Fungu la pili nalo lilipendeza kuliko mwanzo! Wateja wakaanza kusimama kwenye yote mawili. Nikamuuliza Rukaya kama kuna nyanya yoyote iliyokua tangu asubuhi. Akaniuliza kama ninaumwa pia.

Sita wangu! Kwangu walikuwa wa mwisho. Kwa Ireri, ambako wastani ulikuwa 3.0, mwenye pointi nne ni mfalme! Ndiyo maana waliimbiwa. Mimi nikitoa, napanda. Yeye akipokea, anapanda. Hakuna mwizi! Hakuna pia aliyekua. Kwa furaha ya ugunduzi nikaketi palipokuwa karibu. Palikuwa na kreti ya nyanya mbivu.

Rukaya hajasema nami tangu hapo. Suruali imeloweshwa. Mwanasayansi hupitia mengi.

Jumatatu, 29 Septemba 2025

Sikuweza kuimeza siri. Nimemwambia Wendy, makosa makubwa, lakini nani mwingine angeelewa? Alisikiliza, kisha akachukua chaki. Akajumlisha shule zote mbili kwa pamoja. Mwezi uliopita: sisi 156, wao 72. Jumla 228. Mwezi huu: sisi 132, wao 96. Jumla 228.

Ileile! Kuna aliyepanda pointi moja, kuna aliyeshuka moja, lakini vijana hamsini na wanne kwa ujumla hawajasogea hata unywele. Mabango mawili yametundikwa na hakuna aliyejifunza kitu. Wendy alisema hajawahi kuona hesabu ya kusikitisha kama hii. Mimi sijawahi kuona hesabu nzuri kama hii! Tulibaki tumeikodolea macho, kila mtu na lake.

Kwa udadisi tu nikawapa wale ishirini na wanne waliobaki ufupisho ule niliowapa Juni. Neno kwa neno. Wameukosea palepale walipoukosea Juni. Mmoja amekosea kwa kujiamini zaidi, sijui kama hayo tuyaite maendeleo.

Wendy akauliza basi ile D ya Kathambi tunaifanyia nini. Nikaangalia saa. Nilikuwa na haraka. Lazima nimweleze Bwana Mutahi ugunduzi huu kabla Wendy hajauita wake.

Alhamisi, 2 Oktoba 2025

Nimewasilisha! Mbele ya Bwana Mutahi na bodi nzima. Mabeseni mawili na nyanya za kukopa kwa mke ambaye bado hasemi nami. Nilihamisha nyanya kutoka beseni hili hadi lile, wajumbe wakanyoosha shingo. Nikaeleza kwa lugha nyepesi: mtafute aliye chini huku ambaye kule atakuwa juu, mhamishe, pande zote mbili zinapanda. Nimeiita Mbinu ya Yasin.

Bwana Mutahi aliuliza maswali mengi kuliko nilivyowahi kumsikia akiuliza. Je, ni lazima wawe sita? Hapana. Hata mmoja? Hata mmoja. Je, ni kwa wanafunzi peke yao? Hapo nikajipiga kifua. Nikasema mbinu hii ni ya kitu chochote chenye wastani, kuanzia maziwa ya ng'ombe hadi walimu.

"Hadi walimu," alirudia taratibu. Akaliandika kwenye daftari lake.

Mjumbe mmoja aliuliza kama mbinu hiyo inamsaidia yule anayehamishwa. Tulimcheka kidogo, kwa adabu. Kiti ni changu.

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Barua imefika kwenye meza yangu. Bahasha nene. Niliifungua polepole ili niufaidi wakati huo.

Uongozi wa Zamaradi unamshukuru Mwalimu Yasin kwa mbinu yake. Kwa kuitumia, kila mwalimu amepewa wastani wa somo lake. Wa chini kabisa Zamaradi ni wa Kiswahili, 4.1. Mibuni hakuna mwalimu aliyefika 4, na kiti cha Kiswahili kiko wazi tangu Mei. Mashauriano yamefanywa na Bwana Ireri. Mwalimu Yasin akihamia Mibuni, wastani wa walimu wa Zamaradi unapanda, na wastani wa walimu wa Mibuni unapanda. Anatakiwa kuripoti Jumatano.

Nilikimbia hadi ofisini. Nikamkumbusha Bwana Mutahi ahadi yake: 5.5, kiti kwa mkuu wa masomo! Akakubali kabisa. Akasema ahadi imetimizwa. Wendy ni mkuu wa masomo tangu saa mbili asubuhi, na naibu tangu saa mbili na nusu.

Nikairudia hesabu mara nne nikitafuta kosa. Haina kosa hata moja. Niliumia, wacha niseme ukweli. Miaka kumi na moja katika shule ile, na waliponiondoa ikawa nzuri zaidi.

Rukaya amesema nami hatimaye. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaniuliza kwa upole kama huko sasa nitafundisha. Nikamwambia nitafundisha. Nilimaanisha.

Jumatano, 8 Oktoba 2025

Mibuni. Waliniimbia langoni! Beti mbili. Ireri alinitambulisha kwamba tangu saa moja asubuhi walimu wa Mibuni wamepanda kwa kiwango ambacho hakijawahi kuonekana. Zamaradi nako wamepanda. Fikiria! Mtu mmoja, mguu mmoja huku na mwingine kule, na shule mbili zinapanda kwa siku moja. Wendy hajawahi kupandisha hata moja. Najisikia vizuri kuliko nilivyotarajia.

Nikaingia Kidato cha Tatu. Vijana thelathini. Kathambi kaketi safu ya mbele. Akauliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, hata wewe wamekuhamisha?"

Nikamwambia nimepandishwa.

Alikuwa amefungua ukurasa mpya. Juu kabisa kaandika INSHA, akapigia mstari mara mbili. Wengine wakamwiga. Kalamu thelathini tayari, macho yote kwangu, darasa kimya hata nje nilisikia watu wakichuma kahawa. Nikachukua chaki. Nikaandika tarehe. Naapa nilikuwa nimeanza!

Ndipo nikaona matokeo yamebandikwa ukutani, karibu na ubao. 3.2. Pointi 96. Na sita wa chini kabisa wana pointi mbili mbili, jumla kumi na mbili. Mkono ukagawanya wenyewe, pale pale chini ya tarehe. 84 kwa ishirini na wanne. 3.5! Kuna shule Kianyaga yenye 1.8, hao sita watapokewa kwa nderemo. Kianyaga nao watawapeleka wa kwao wapi? Na huko mwisho kabisa, kwenye shule isiyo na shule chini yake, kuna nani, na anafundishwa na nani? Swali tamu sana. Lakini haliwezi kuwa la leo.

Kathambi aliinua mkono akauliza insha itaanza lini. Nikamwambia wiki ijayo, kisha nikamwomba anisomee orodha ya darasa, kuanzia chini.